Jino linauma na daktari yuko mbali: namna ya kulituliza nyumbani

Kidole kikiumia, huvimba kwa nje. Jino haliwezi. Sehemu yake yenye uhai, yaani kiini chenye neva na mishipa ya damu, imefungiwa ndani ya kuta ngumu. Kiini kikivimba hakina pa kupanukia, basi shinikizo lote huibana neva. Ndiyo maana tundu dogo kama kichwa cha pini linaweza kumkeshesha mtu mzima mwenye nguvu zake.

Ukishalielewa hilo, utaelewa pia kwa nini dawa ileile humsaidia huyu na kushindwa kwa yule. Dawa ya nyumbani hufanya kazi pale tu inapofika. Maji ya chumvi hufika kwenye ufizi na kwenye mabaki ya chakula. Mafuta ya karafuu huikaribia neva ikiwa tundu liko wazi. Barafu hupunguza uvimbe wa shavuni. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoufikia usaha uliojikusanya chini kwenye ncha ya mzizi. Kwa hiyo usianze na kabati la viungo. Anza na jino lenyewe.

Lichunguze kabla ya kulitia dawa

Nawa mikono, simama mbele ya kioo penye mwanga, shika tochi. Tumia mpini wa kijiko safi kulivuta shavu pembeni ili uone magego ya nyuma, ambayo ndiyo huoza zaidi. Tazama kama kuna tundu, doa jeusi au la kahawia, jino lililomeguka, ziba (kijazio cha tundu la jino) lililotoka, ufizi mwekundu uliovimba, au kijipu kidogo kwenye ufizi chenye kichwa cheupe. Kisha ligonge kila jino la upande huo taratibu kwa mpini wa kijiko, ukianza na yale yasiyouma. Mara nyingi jino unalolishuku silo. Maumivu husambaa, na gego la chini linaweza kukufanya uamini kwamba ni la juu, au hata sikio.

Sasa angalia linavyouma:

- Likishtuka kwa maji baridi au kitu kitamu, kisha likatulia ndani ya sekunde chache, basi gamba la juu limelika au mzizi umebaki wazi. Kiini bado kina afya au kimeudhika kidogo tu. Hapa nyumbani unaweza kufanya mengi.
- Likiuma dakika nyingi baada ya baridi au moto kuondoka, au likianza lenyewe bila kuguswa, hasa ukilala, basi kiini kimevimba kiasi ambacho hakitarudi kama zamani. Dawa za nyumbani zitapunguza makali tu.
- Ukiona kwamba cha moto kinalichochea na maji baridi yanalituliza, mpaka unashinda na glasi ya maji baridi mkononi, usifurahi. Hiyo ni dalili kwamba kiini kinaelekea kufa.
- Likiuma unapouma kitu au unapoligonga, na unahisi kama limekuwa refu kuliko mengine, huenda uambukizo umekwisha kutoka kwenye mzizi na kuingia kwenye mfupa. Karafuu haitafika huko.
- Maumivu yakiwa nyuma kabisa, chini ya kipande cha ufizi kilichofunika nusu ya gego la mwisho, kwa kawaida ni chakula na vijidudu vilivyonasa humo. Hili ndilo linaloitikia maji ya chumvi vizuri kuliko yote.
- Meno kadhaa ya juu yakiuma pamoja, na maumivu yakizidi unapoinama, huku mafua yakiwa yamekubana, huenda meno hayana kosa. Ni matundu ya hewa ya mashavuni yaliyovimba.

Kuna hali ambazo hazingoji mwongozo wowote. Uvimbe unaopanda kuelekea jichoni au kushuka shingoni, uvimbe chini ya ulimi, homa, kushindwa kufungua kinywa, kushindwa kumeza hata mate, au pumzi kuwa nzito: nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usaha wa jino ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache tu. Maumivu ya taya yanayokuja pamoja na kifua kubana, jasho jembamba au mkono kuuma nayo si ya meno; hiyo ni dharura ya moyo.

Hatua ya kwanza: toa kilichonasa

Watu huiruka hatua hii, na wakati mwingine ndiyo tiba nzima. Uzi wa nyama au ganda la punje lililojikita kati ya magego mawili linaweza kuuma kama jino lililooza.

1. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu kwanza ili kulainisha.
2. Kata uzi wa meno wa urefu wa sentimita 40 hivi, uzungushe kwenye vidole vya kati, ubakize sentimita 3 kati ya vidole.
3. Uingize kwa kuusogeza mbele na nyuma kama msumeno mdogo. Usiushindilie kwa nguvu. Ukitumbukia ghafla utaukata ufizi.
4. Ukumbatize kwenye ubavu wa jino moja, upandishe na kushusha mara kadhaa, kisha fanya hivyo kwa jino la jirani.
5. Uvutie pembeni badala ya kuurudisha juu, usije ukang'oa ziba lililolegea.

Usitumie pini, sindano wala ncha ya kisu. Hata kijiti cha meno kina hatari yake: ncha hukatikia ndani ya ufizi, na hapo umejiongezea shida ya pili. Kama huna uzi wa meno, mswaki laini na kusukutua kwa nguvu ya wastani vinatosha kwa sasa.

Hatua ya pili: maji ya chumvi

Nusu kijiko cha chai cha chumvi, sawa na gramu 3 hivi, kwenye glasi ya mililita 250 ya maji safi ya uvuguvugu. Kipimo hicho hutoa maji yenye chumvi inayozidi kidogo tu ile ya majimaji ya mwilini, kwa hiyo huvuta majimaji ya uvimbe bila kuichoma nyama. Koroga mpaka punje zote ziyeyuke, maana punje zikibaki zitakwaruza ufizi wenye kidonda. Yajaribu maji kwenye kifundo cha mkono kama unavyojaribu maziwa ya mtoto.

Chukua funda, inamisha kichwa upande wa jino bovu, uyaache maji yakae pale sekunde 30 huku ukiyasukuma taratibu kwa shavu. Tema. Endelea mpaka glasi iishe. Rudia kila baada ya kula na kabla ya kulala, mara 4 kwa siku au hata 5.

Yanayoharibika hapa ni mawili. La kwanza ni kuzidisha kipimo kwa kudhani chumvi nyingi inaua vijidudu vingi. Kijiko kizima cha chakula kitaukausha ufizi na kuubabua, na kesho utauma zaidi ya jana. La pili ni maji ya moto. Jino lenye kiini kilichovimba linachukia joto, basi ukiona maumivu yanapanda mara tu maji yanapoingia, yaache yapoe mpaka yawe kama joto la mwili.

Aliyeng'olewa jino ndani ya saa 24 zilizopita asisukutue kabisa. Damu iliyoganda kwenye shimo ndiyo bendeji yake. Ikitoka, mfupa unabaki wazi, na maumivu yake ni makali kuliko ya jino lenyewe.

Kwa ufizi unaovuja damu, wapo wanaopenda majani ya mpera, na si bure: yana tanini, kemikali ya mimea inayokaza ufizi. Majani machanga 5 au 6 yaliyooshwa, vikombe 2 vya maji, chemsha dakika 10, chuja, yakipoa sukutua kama maji ya chumvi. Yasilale, pika mengine kesho. Kwa jino lenye tundu hayana makubwa.

Hatua ya tatu: karafuu

Miongoni mwa viungo vyote vya jikoni, hiki ndicho chenye sifa ya kweli. Karafuu ina yujenoli (eugenol), mafuta yanayozuia neva kupeleka ishara ya maumivu na kupunguza uvimbe kidogo. Madaktari wa meno wenyewe huichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza ziba la muda. Lakini yujenoli hiyohiyo ikiwa kali huua nyama ya ufizi, kwa hiyo kipimo ni muhimu.

Kwa mafuta ya karafuu kutoka duka la dawa:

1. Changanya matone 2 au 3 na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula, ya nazi au ya zeituni. Usiyatumie bila kuyachanganya, hata kama chupa ni ndogo na inaonekana haina madhara.
2. Sukutua, kisha likaushe jino na ufizi wa pembeni kwa pamba safi. Mate yakiwepo, mafuta huelea na kusambaa kinywani badala ya kuingia kwenye tundu.
3. Sokota pamba ndogo kama punje ya mchele, ichovye, kisha ibinye mpaka isidondoke.
4. Iweke ndani ya tundu kwa kibanio safi au kwa kijiti chenye pamba. Funga meno taratibu bila kuuma kwa nguvu.
5. Iache dakika 5 hadi 10. Utahisi mchomo mdogo, kisha ganzi. Mchomo ukizidi badala ya kupungua, itoe usukutue.
6. Toa pamba yote. Iliyosahaulika humo hugeuka makazi ya vijidudu.

Rudia baada ya saa kadhaa, lakini usipite mara 4 kwa siku, na ikiwa siku ya tatu bado unaihitaji, jino lako linakuambia kitu.

Kama unayo karafuu nzima tu, chagua nzuri. Itupe ndani ya glasi ya maji: inayozama au kusimama wima bado ina mafuta, inayoelea ikiwa imelala imekauka, na hiyo haitakusaidia hata ukiitafuna kumi. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache, iweke kati ya shavu na jino bovu, uibane kidogo kwa meno mpaka ilainike na kutoa mafuta. Dakika 10 zinatosha, kisha itoe. Usilale nayo mdomoni, unaweza kuivuta kooni. Unga wa karafuu usiushindilie ndani ya tundu. Hugandamana na mate, daktari hupata kazi ya kuuchokoa, na mara nyingi unga wenyewe huichokonoa neva unapoingia.

Mafuta ya karafuu hayamezwi, na mtoto mdogo asipakwe kabisa, hata anapoota meno. Kiasi kidogo kilichomezwa kinaweza kuliumiza ini lake. Chupa ikae juu, mbali na mikono yake.

Hatua ya nne: baridi, kwa nje

Funga vipande vya barafu ndani ya kitambaa safi kikavu, uweke juu ya shavu kwa dakika 15, uondoe kwa dakika 15, urudie mara 3 au 4. Baridi hubana mishipa ya damu na kupoza neva za eneo hilo. Hufaa zaidi shavu linapoanza kuvimba, au baada ya kugongwa. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, na usiiweke juu ya jino lenyewe: jino lenye mzizi wazi litakurusha.

Kitu cha moto juu ya shavu lililovimba ni kosa linalojirudia sana. Linapendeza kwa dakika kumi za kwanza, kisha damu hukimbilia pale, uvimbe huongezeka, na usaha kama upo hutafuta njia ya kutokea.

Usiku

Jino huzidi ukilala kwa sababu damu hupanda kichwani, na kile kiini kilichofungiwa hupata shinikizo zaidi. Panga mito miwili au mitatu kichwa kiinuke, au ulale kwenye kiti chenye mgongo wa kulala. Lalia upande usiouma. Chakula cha jioni kiwe laini, kisiwe cha moto wala baridi, na utafune upande wa pili. Piga mswaki hata kama linauma, pole pole, halafu maji ya chumvi, halafu karafuu kama tundu liko wazi, halafu mito. Mpangilio huo una maana: karafuu juu ya tundu lililojaa chakula haifiki popote.

Dawa za maumivu za dukani si za asili, lakini ingekuwa ubishi mtupu kuziacha nje ya mwongozo huu. Kwa mtu mzima, ibuprofen miligramu 200 hadi 400 baada ya kula, kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi miligramu 1,200 kwa saa 24 bila ushauri wa daktari, hutuliza jino kuliko paracetamol pekee kwa sababu inashughulikia uvimbe. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa hizi, au mjamzito asiitumie. Achukue paracetamol miligramu 500 hadi 1,000 kila baada ya saa 6, isizidi miligramu 4,000 kwa saa 24. Soma boksi za dawa za mafua, nyingi zina paracetamol ndani yake, na ndivyo watu wanavyozidisha bila kujua. Kwa mtoto, kipimo hufuata uzito, muulize mfamasia. Aspirini asipewe mwenye umri chini ya miaka 16.

Kidonge humezwa. Kukiweka aspirini juu ya ufizi penye maumivu hakufanyi kazi haraka zaidi. Ni asidi, na huacha kovu jeupe la kuungua.

Yale yanayosifiwa bila kustahili

Kitunguu saumu kilichopondwa kina uwezo wa kuua vijidudu, hilo ni kweli, ila kikikaa kwenye ufizi hubabua nyama kama pasi. Kama huna budi, kiwe juu ya jino pekee, dakika 2 au 3, usukutue. Tangawizi huchoma ulimi kiasi kwamba unasahau jino kwa muda. Mwisho wake ni huo. Mnanaa uliochemshwa na kupozwa hutoa ubaridi wa kupendeza kwa ufizi uliochubuka, hauna madhara, wala hauna nguvu.

Ndimu na siki ni hasara tupu. Gamba la jino huanza kuyeyuka pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi inapozidi) ikiwa chini ya 5.5, na vyote viwili viko chini sana ya hapo. Asali ndani ya tundu ni kuwalisha vijidudu walewale waliolitoboa. Pombe kali haiui neva. Inakausha na kuunguza, na ukiimeza pamoja na dawa za maumivu unaliumiza ini au tumbo. Tumbaku, petroli, maji ya betri na gundi havina mjadala: vimeacha watu na ufizi uliooza na mfupa uliokufa. Vidonge vya antibiotiki vilivyofunguliwa na kumwagwa ndani ya tundu navyo havisaidii, na hata ukivimeza, kiini kilichovimba bila uambukizo uliosambaa hakitulizwi na antibiotiki.

Jino linaloshtuka kwa baridi tu

Hili lina njia yake. Tafuta dawa ya mswaki ya meno yanayoshtuka, iliyo na nitrati ya potasiamu. Piga mswaki laini mara 2 kwa siku, tema povu, lakini usisukutue kwa maji, iache ibaki. Kabla ya kulala paka kidogo kwa kidole juu ya sehemu inayoshtuka. Matokeo huja baada ya wiki 2 hadi 4, kwa hiyo anayeiacha siku ya tano kwa kusema haifai hajaijaribu. Baada ya kunywa kitu chenye ukali kama juisi ya machungwa, subiri dakika 30 ndipo upige mswaki, kwa kuwa gamba limelainika na mswaki utalikwangua.

Jino likinyamaza

Maumivu yaliyodumu siku tatu yakikatika ghafla bila matibabu, watu wengi hufuta safari ya kwa daktari. Ni hapo hasa pa kuharakisha. Neva imekufa, haina tena wa kupiga kelele, na vijidudu vinaendelea kushuka kwenye mzizi kimyakimya. Baada ya wiki au miezi hurudi kama jipu. Vilevile kijipu cha ufizi kikipasuka na usaha ukatoka, maumivu hupungua, lakini chanzo kiko palepale. Usikikamue, sukutua kwa maji ya chumvi uende ukatibiwe.

Mjamzito asiogope kutibiwa meno. Ganzi ya kawaida ya meno na kuziba vinafanyika salama, na uambukizo ulioachwa ni hatari zaidi kwake. Mwenye kisukari naye asikae na jino bovu zaidi ya siku moja au mbili, kwani uambukizo hupandisha sukari na sukari hulisha uambukizo.

Ukienda, andika kwenye karatasi: lilianza siku gani, linachochewa na baridi, moto, kuuma kitu au kulala, maumivu hudumu dakika ngapi, umemeza vidonge gani na saa ngapi. Sema pia kama ulipaka karafuu, kwa kuwa mabaki ya yujenoli huzuia baadhi ya ziba za kisasa kushika vizuri, na daktari atasafisha tundu kwa namna tofauti. Na kama ulimeza aspirini, mwambie kabla hajashika koleo, maana utavuja damu zaidi.